Jukwaa Katikati ya Watu: Maonyesho ya Duara, Kutoka Kamĩrĩĩthũ Hadi Riruta

Maonyesho ya duara ni yale ambayo waigizaji huchezea katikati, hadhira ikiwa imeketi pande zote, bila pazia, bila ukuta wa nyuma na bila upande wowote unaoweza kuitwa mbele. Mtazamaji humwona mwigizaji, na nyuma ya mwigizaji huyo humwona mtazamaji mwenzake aliyeketi upande wa pili. Hilo ndilo linaloyatenga maonyesho haya na yale ya jukwaa lenye pazia, ambako kila mtu hukabili upande mmoja gizani na kumsahau aliyeketi kando yake. Mengine yote hutokana na hilo: mpangilio wa viti, taa, samani, sauti, namna ya kuingia na kutoka, hata uchaguzi wa tamthilia yenyewe.

Afrika Mashariki duara ni la zamani kuliko ukumbi wowote. Katika kirumbizi cha Lamu, wanaume wawili hushindana kwa fimbo huku ngoma na zumari zikilia na watu wakiwa wamewazunguka. Mmoja akichoka hutoka, mwingine huingia. Msimulizi wa hadithi za jioni naye huzungukwa na watoto, na huwageukia mmoja mmoja kadiri hadithi inavyoendelea. Hata hivyo, wanaosifu ngoma za jadi kana kwamba ni tamthilia zilizokamilika huwa wameharakisha. Katika ngoma, aliyesimama pembeni anaujua wimbo na anaweza kuingia wakati wowote. Katika tamthilia, mwigizaji amekariri maneno ambayo mtazamaji hayajui, na kisa kina mwanzo na mwisho uliopangwa. Duara la tamthilia huazima ukaribu wa ngoma, lakini hudai nidhamu ambayo ngoma haiidai. Kila neno lisikike na kila tendo lionekane kutoka pande zote, hata kwa mtu ambaye hajawahi kukisikia kisa hicho maishani mwake.

Jukwaa lenye pazia liliingia Kenya likiwa ndani ya jengo. Ukumbi wa Kitaifa wa Maonyesho ulifunguliwa Nairobi, karibu na Hoteli ya Norfolk, mnamo Novemba 1952, wiki chache tu baada ya serikali ya kikoloni kutangaza hali ya hatari. Kundi la Donovan Maule na mkewe Mollie lilikuwa tayari limezoea kuwachezea walowezi michezo ya kutoka London. Kumbi za namna hiyo ziliwafundisha waigizaji na walimu waliofuata kwamba mchezo hauwezi kuwepo bila ukumbi, na kwamba ukumbi uko mjini. Tamasha la drama la shule, lililoanza mwaka 1959, lilirithi sura hiyo hiyo. Hadi leo mwanafunzi anayeigiza hufunzwa kukabili meza ya majaji, na akimpa jaji mgongo huhesabiwa amekosea. Ni hasara kubwa, kwa sababu mtoto huyo akitoka shuleni na kujiunga na kikundi cha mtaani, hukuta uwanja usio na meza wala majaji, na watu wamemzunguka.

Ukumbi wenyewe uliwahi kushindwa kuuzuia mchezo usitoke nje. Oktoba 1976 tamthilia mbili za Kenya zilipewa siku 4 kila moja katika Ukumbi wa Kitaifa, zikiandaliwa kwa ajili ya tamasha la FESTAC la Lagos la mwaka 1977: The Trial of Dedan Kimathi ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Micere Mugo, iliyoelekezwa na Seth Adagala, na Betrayal in the City ya Francis Imbuga. Usiku wa kwanza wa tamthilia ya Kimathi, waigizaji walishuka jukwaani wakiimba na kupita kati ya viti. Hadhira ikainuka, ikaimba nao, na wote wakatoka hadi nje ya jengo wakicheza. Mpaka uliochorwa na pazia ulifutwa kwa miguu ya watu, bila mwelekezi yeyote kuwaagiza.

Mwaka mmoja baadaye, kilomita 30 hivi kutoka katikati ya jiji, jambo hilo lilifanywa kwa makusudi. Kamĩrĩĩthũ ni kijiji cha Limuru kilichoundwa miaka ya 1950, serikali ya kikoloni ilipowahamisha watu kwa nguvu na kuwakusanya katika vijiji vya hali ya hatari. Mwaka 1976 wakazi wake walianzisha kituo cha elimu na utamaduni, na mwaka 1977 wakajenga jukwaa la wazi kwa mikono yao wenyewe. Tamthilia ya Kigĩkũyũ, Ngaahika Ndeenda, iliyoandikwa na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ na kuelekezwa na Kimani Gecau, ilianza kuonyeshwa tarehe 2 Oktoba 1977.

Jukwaa la Kamĩrĩĩthũ halikuwa duara kamili, na ni vyema hilo lisemwe waziwazi. Lilikuwa nusu duara iliyoinuliwa, ikiwa na ukuta wa mianzi nyuma yake, na nyuma ya ukuta kulikuwa na kijumba cha vyumba vitatu cha kuhifadhia vifaa na kubadilishia mavazi. Viti vilikuwa mbao ndefu zilizopangwa kama ngazi, zikitosha watu zaidi ya 2,000. Paa halikuwepo. Lakini kilicholifanya liwe la watu wa pande zote ni nafasi kubwa iliyoachwa wazi kuzunguka jukwaa na viti kwa pamoja, hivi kwamba waigizaji waliweza kupita nyuma ya hadhira, katikati yake na kandokando yake bila kizuizi. Nyuma ya viti kulikuwa na mikalitusi mirefu. Katika onyesho moja baadhi ya waigizaji, bila kupanga, waliipanda miti hiyo na kuimba kutoka juu. Hapo hadhira ilijikuta kati ya sauti mbili, moja mbele na nyingine nyuma na juu ya vichwa vyao, na wimbo ukasikika kijijini hata kwa wasiokuja.

Kuna jambo lingine la Kamĩrĩĩthũ ambalo kwa ufundi lina uzito kuliko umbo la jukwaa. Mazoezi yalifanyika hadharani. Watu walisimama kuzunguka waigizaji, wakatazama, wakasahihisha. Mzee akiona kijana anaigiza mzee vibaya alisema. Wafanyakazi wa kiwanda cha viatu cha Bata walieleza kwa hesabu jinsi kazi yao ya siku inavyogeuka kuwa faida ya mwenye kiwanda, na maelezo hayo yakaingia katika tamthilia. Kufikia siku ya kwanza ya onyesho, mchezo ulikuwa umeshatazamwa kutoka kila upande, na watu wanaoyajua maisha yanayoigizwa. Hakuna mwelekezi mmoja, hata awe hodari vipi, anayeweza kupata macho mengi hivyo.

Leseni ya kuonyesha ilifutwa tarehe 16 Novemba 1977. Mwishoni mwa Desemba mwaka huo Ngũgĩ wa Thiong'o alikamatwa, akazuiliwa katika gereza la Kamiti bila kufikishwa mahakamani hadi Desemba 1978. Mwaka 1982 kikundi kiliandaa tamthilia nyingine, Maitũ Njugĩra, kikakosa Ukumbi wa Kitaifa, kikafanya mazoezi yake Chuo Kikuu cha Nairobi mbele ya maelfu ya watu hadi hayo nayo yakasimamishwa. Tarehe 12 Machi 1982 malori matatu ya polisi yalipelekwa Kamĩrĩĩthũ na jukwaa likabomolewa lote.

Nje ya Afrika, duara lilirudi katika maonyesho ya kisasa kwa njia tofauti, na mara nyingi sababu ilikuwa ufinyu wa fedha na nafasi. Glenn Hughes alijengewa ukumbi wa duara katika Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, mwaka 1940. Margo Jones alifungua wake Dallas mwaka 1947. Huko Scarborough, Uingereza, Stephen Joseph alianza mwaka 1955 katika chumba cha juu cha maktaba ya umma, kwa viti vilivyopangwa pande nne. Brazil ilikuwa na Teatro de Arena ya São Paulo, iliyoanza mwaka 1953. Hiyo ndiyo inayoigusa Kenya moja kwa moja, kwa kuwa Augusto Boal alijiunga nayo mwaka 1956, akafanya kazi hapo miaka mingi katika maonyesho ya katikati ya watu kabla ya kukamatwa na kufukuzwa nchini mwake mwaka 1971. Mbinu aliyoikuza baadaye, ya kusimamisha mchezo penye tatizo na kumwalika mtazamaji aingie na kujaribu suluhisho lake, ilifika Kenya kupitia vikundi vya maonyesho ya jamii. Katika miaka ya 2000 shirika la PATH lilieneza nchini aina yake iitwayo Magnet Theatre, ambamo kikundi hurudi mahali pale pale, siku na saa zilezile, kwa hadhira ileile. Mbinu hiyo haifanyi kazi vizuri mbele ya jukwaa lililoinuliwa. Mama aliyeketi safu ya kumi hatapanda ngazi mbele ya macho ya watu wote, lakini akiwa amekaa hatua mbili kutoka kwa mwigizaji, kuinuka kwake ni jambo dogo.

Duara kubwa ambalo wakazi wa Nairobi wamezoea kuliona ni la Bomas of Kenya, kituo kilichoanzishwa mwaka 1971 kando ya barabara ya Lang'ata. Ukumbi wake wa mviringo ulijengwa kutoshea watu wapatao 3,500, wachezaji wa ngoma wakicheza chini huku viti vikipanda ngazi kwa ngazi. Mwaka 2003 na 2004 wajumbe wa kongamano la katiba waliketi humo. Kwa ngoma ukumbi huo ni mzuri sana. Kwa tamthilia ya maneno ni mkubwa mno, maana mwigizaji anayenong'ona pale chini hasikiki juu bila kipaza sauti.

Mtaa wa Riruta, jijini Nairobi, hauhitaji ukumbi wa namna hiyo. Mtaa huu, pamoja na Kawangware, Satellite na Ng'ando, una shule nyingi, makanisa mengi na viwanja vichache, na umbali wa kilomita 10 hivi kufika Ukumbi wa Kitaifa ni nauli ya kwenda na kurudi ambayo familia ya watu watano haiitoi kwa ajili ya mchezo. Hoja ya mhadhara huu ni kwamba kilichopo mtaani kinatosha, mradi ufundi wa duara ujulikane na ufuatwe.

Hesabu ya viti yenyewe inaonyesha hivyo. Chukua sakafu ya mraba ya kuchezea, mita 6 kila upande, yenye njia 4 kwenye pembe, kila njia ikiwa na upana wa mita 1.2. Kila mtu akipewa nusu mita ya kukaa, na kila safu ikichukua sentimita 90, safu ya kwanza itabeba watu 46, ya pili 60, ya tatu 75, ya nne 89 na ya tano 104. Jumla ni 374, na aliye safu ya mwisho yuko mita 4 na kidogo kutoka ukingo wa sakafu. Watu hao hao wakipangwa wakikabili upande mmoja, viti 14 kwa safu, zitahitajika safu 27, na wa mwisho atakuwa zaidi ya mita 23 kutoka kwa mwigizaji. Safu 5 za duara zinahitaji chumba cha mita 15 kwa 15, na mabwalo mengi ya shule hayana upana huo. Safu 3 huingia katika mita 11 na nusu, na hubeba watu 181, ambao ni madarasa manne ya kawaida.

Sakafu tambarare huleta tatizo la vichwa, na suluhisho lake ni rahisi. Watoto huketi kwenye mikeka safu ya kwanza. Wanaofuata huketi kwenye mabenchi mafupi, kisha viti vya plastiki, na wa mwisho husimama au huketi juu ya meza. Njia za pembeni zisizibwe kwa viti vya nyongeza hata umati ukiwa mkubwa namna gani, kwa kuwa ndizo milango ya waigizaji na ndizo za kutokea watu kukiwa na hatari.

Mwigizaji aliyezoea jukwaa lenye pazia huogopa kwanza mgongo wake. Hofu hiyo huisha akijua mahali pa kusimama. Katikati kabisa ya sakafu, pamoja na kwamba panaonekana kuwa mahali pa heshima, ni mahali dhaifu, kwa sababu popote anapogeukia kuna nusu ya watu wanaokosa kuuona uso wake. Mahali penye nguvu ni mdomo wa njia. Pale mgongo huelekea uwazi, na karibu kila mtu huona uso. Wawili wanaozungumza husimama kwa mshazari, kila mmoja kwenye mdomo wa njia yake, wakiachana kuliko watu wanavyoachana kwa kawaida, ili asiwepo anayemfunika mwenzake. Maneno marefu hugawanywa: sentensi kwa upande huu, sentensi kwa upande ule, lakini kila mgeuko uwe na sababu inayotokana na kisa, kama kumfuata mtu kwa macho au kutafuta kitu. Mwigizaji anayezunguka polepole mahali pamoja ili kila upande upate zamu yake huwachosha watu haraka.

Tamthilia teule za Kiswahili, ambazo vikundi huzipeleka shuleni kwa watahiniwa wa KCSE, ni mahali pazuri pa kuyaona haya. Kigogo ya Pauline Kea, iliyowahi kuwa mojawapo ya teule hizo, hufunguka katika karakana, Sudi na wenzake wakichonga vinyago katika Soko la Chapakazi. Mbele ya ukumbi mkubwa mchongaji anaweza kupiga patasi hewani. Ndani ya duara mwanafunzi ameketi mita moja kutoka kwake, na ataona mara moja kama mbao inakatwa au la. Kwa hivyo gogo liwe la kweli, mti uwe laini, na vipande vya mbao vianguke sakafuni vibaki pale, hata matukio yakihamia kwingine. Ofisi ya Majoka, mtawala katika tamthilia hiyo, nayo haihitaji ukuta wala dirisha. Kiti chake kiwekwe mdomoni mwa njia, kiwe na mgongo mfupi, na meza iwe nyembamba kiasi cha kutoficha miguu. Wanaomjia watatoka njia ya mkabala, na kila anayeingia atalazimika kuvuka sakafu nzima akitazamwa na watu wa pande zote nne kabla ya kumfikia mtawala. Mwandishi hakuhitaji kuandika neno ili woga wao uonekane.

Kwa kuwa watazamaji huangalia chini, sakafu huchukua nafasi ya mandhari. Mkeka, mchanga, majani makavu au chaki hueleza mahali kuliko bango lililochorwa. Katika Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, kisa kinamtaka Kinjeketile azame mtoni na kutoka baadaye bila kulowa. Mwelekezi wa duara anaweza kuifanya njia moja kuwa mto tangu mwanzo, akaitandazia kitambaa cha buluu, na asiruhusu mhusika mwingine yeyote kuipita kabla ya hapo.

Taa za duara hutoka juu, kwa pembe kali, kutoka pande nne au angalau tatu. Zikishushwa mno humwangazia mwigizaji na kumpofusha aliyeketi nyuma yake. Vikundi vingi vya mtaani havina taa, navyo hucheza saa tisa au kumi alasiri. Hapo jua huwa limeanza kushuka magharibi, na katika duara ni lazima kuwe na watu wanaolikabili. Duara lipangwe upande wa mashariki wa jengo refu au mti mkubwa ili kivuli kiwafunike. Mchana hakuna giza la kubadilishia tukio wala la kumwondoa aliyekufa. Maiti lazima ibebwe, na kuibeba kuwe sehemu ya kisa, kama watu wanavyobeba maiti kwa kweli.

Sauti hutaka kazi zaidi kuliko yote. Konsonanti husafiri mbele ya mdomo na hufifia nyuma ya kichwa, kwa hivyo aliye nyuma husikia irabu na kubahatisha mengine. Dawa yake ni kutamka mwisho wa maneno kikamilifu na kutosema jambo zito huku ukitembea. Kando ya barabara ya Naivasha, huko Riruta, kuna pia honi za matatu, na hakuna mafunzo ya sauti yatakayozishinda. Ni bora kutafuta ua wa shule wenye ukuta.

Mwelekezi afanye mazoezi akihama kiti. Akitazama tukio moja kutoka upande mmoja siku zote atalijenga liwe zuri kwa upande huo pekee. Kuwaalika majirani waketi pande zote wiki mbili kabla ya onyesho, na kuwauliza walichokosa kuona, ni desturi ya Kamĩrĩĩthũ inayoweza kurudiwa kesho bila gharama.

Si kila tamthilia hufaa. Ile inayotegemea milango mingi, mtu akijificha kabatini huku mwingine akiingia, hupoteza nguvu yake. Kusikiliza kwa siri kunawezekana, kwa kuwa mwigizaji anaweza kuchuchumaa kati ya watazamaji na wao wakawa washirika wake. Vichekesho vya maneno mengi na matukio machache huchosha zaidi katika duara, ambamo macho hutaka mwendo.

Linabaki suala la malipo, kwa sababu duara la uwanjani halina mlango wa kukatia tiketi. Wachekeshaji wa barabarani katikati ya jiji husimamisha mchezo karibu na kilele na kuzungusha kofia wakati watu bado wana hamu ya kujua mwisho. Wakingoja hadi mwisho, umati hutawanyika. Vikundi vinavyolipwa na mashirika havihitaji kofia, lakini hulazimika kucheza ujumbe wa mfadhili, na tamthilia nyingi za afya zilizochezwa mitaani kwa njia hiyo zilikuwa nyembamba kwa sababu hiyo. Njia ya tatu, ambayo imewaweka waigizaji wengi wa Nairobi kazini, ni shule kulipia tamthilia teule kwa kila mwanafunzi. Shule hupata onyesho ndani ya bwalo lake, kikundi hupata ujira unaojulikana mapema, na viti tayari vipo.